Harambee Stars: Tutarajie Nini Kombe la Afrika Likija Nyumbani?



Siku hizi hapa Itumbe, hata kabla kitabu cha akiba hakijafunguliwa, vijana huuliza: Harambee Stars itafika wapi Kombe la Mataifa ya Afrika likichezwa kwetu? Swali ni zuri, tena lina pesa ndani yake, kwa maana wengine wanabeti kwa pesa ya majani chai. Basi tuangalie mambo yalivyo.

Mashindano ni gani?

Septemba 2023, Shirikisho la Soka Barani Afrika (CAF) lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania kazi ya kuandaa pamoja mashindano ya 2027. Timu huwa 24, katika makundi 6 ya timu nne nne. Mbili za kwanza katika kila kundi husonga mbele, pamoja na nne bora kati ya zile zilizomaliza za tatu. Mwenyeji hupata nafasi bila kuitafuta.

Tumetoka wapi?

Kenya imecheza fainali hizo mwaka 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Hatujawahi kuvuka makundi. Ushindi wa kwanza ulikuja 2004 kule Tunisia, tulipoifunga Burkina Faso 3-0.

Mwaka 2019 kule Misri tuliifunga Tanzania 3-2, tukafungwa na Algeria 2-0 na Senegal 3-0. Tulimaliza wa tatu na pointi 3. Kulikuwa na timu nyingine zenye pointi 3 zilizosonga mbele. Sisi tukarudi nyumbani kwa sababu tulifungwa mabao 7. Funzo ni hili: hata ukishindwa, usikubali kufungwa mengi.

Halafu 2022 FIFA ilitufungia kwa miezi kadhaa, tukakosa mechi za kufuzu. Fainali za 2025 pia hatukufuzu, ingawa majirani zetu walifuzu.

Tumaini liko wapi?

Agosti 2025, nchi hizi tatu ziliandaa CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Pale Kasarani, chini ya kocha Benni McCarthy, vijana wetu waliifunga Kongo 1-0, wakatoka sare na Angola 1-1, wakaifunga Morocco 1-0 na Zambia 1-0. Walikuwa wa kwanza katika kundi, kisha wakatolewa na Madagascar kwa penalti kwenye robo fainali. Morocco hiyo hiyo ndiyo iliyochukua kombe.

Lakini tusijidanganye. Kwenye CHAN wale wanaocheza Ulaya hawaruhusiwi. Novemba mwaka huo huo, Senegal ikiwa na watu wake wa Ulaya ilitufunga 8-0. Kwa hivyo kuvuka makundi nyumbani kunawezekana; kuchukua kombe ni safari ndefu.

Hii inahusu kikundi vipi?

Anayebeti huamini kwamba anajua mpira. Lakini kampuni hupanga malipo yake ili faida ibaki kwake, hata wewe ukishinda leo. Mkiwa wanachama 20, kila mmoja akiweka shilingi 100 kwa wiki, baada ya wiki 10 mna 20,000. Hiyo ni pesa ya kukopeshana mbolea au karo. Ukibeti 100 hiyo kila wiki, mara nyingi hubaki na karatasi tu.

Kama tunapenda mpira kweli, tuanzie chini. Shabana, ile Tore Bobe yetu, ilirudi ligi kuu mwaka 2023 baada ya kukaa nje miaka mingi. Wachezaji wa timu kama hizo hutoka viwanja vya shule na vijiji. Kikundi kinaweza kusawazisha uwanja, kununua mpira mmoja na kuwapa wasichana pia zamu yao.

Maswali ya kujadili

1. Je, katika kikundi chetu kuna aliyeshindwa kurudisha mkopo kwa sababu ya kubeti? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?
2. Watoto wetu huchezea wapi?
3. Bonasi ya chai ikija, kila mmoja ataweka ngapi kabla hajashika simu?