Chai ya Karanga Ina Saa Yake

Mgeni akipiga hodi mjini Bariadi saa kumi jioni, mwenye nyumba humkaribisha kiti, "Mwadila, mayu," kisha huinuka kwenda kubandika sufuria ya chai. Maziwa yakiwepo yatatiwa. Yasipokuwepo, chai ya rangi inatosha, na kando yake kisahani cha karanga za kukaanga. Sisi akina mama wa kikundi cha kanisa kinachotembelea wagonjwa na wajawazito, ambao baadhi yetu ni wauguzi, tumekunywa chai ya namna hiyo katika nyumba nyingi za mji wetu na katika vijiji vya Itilima na Maswa. Tuliinywa kwa mazoea tu, bila kuifikiria.

Kisha tukaonja chai ambayo karanga zake zilikuwa ndani ya sufuria, si kando. Tangu siku hiyo tumejifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba chai ya rangi inaweza kuwa starehe ya kweli hata kwa mama asiye na fedha nyingi. La pili ni kwamba starehe hiyo ina saa yake. La pili tulilijifunza kwa kosa letu wenyewe, na ndiyo sababu tumeona vema tuwaandikie akina mama wenzetu.

Bibi aliyekuwa hana sukari

Tulikuwa tumekwenda kumjulia hali bibi mmoja aliyeugua miguu. Ulikuwa wakati wa mavuno, na uani kwake karanga zilikuwa zimeanikwa juu ya turubai. Tulipotaka kuaga, alikataa.

"Sukari imeisha, wanangu, lakini hamtatoka hapa na kinywa kikavu."

Alimwambia mjukuu wake akaange karanga kiasi cha viganja viwili, azipepete maganda, azitwange nusunusu kinuni, kisha azichemshe. Tulidhani anaandaa mboga. Kumbe maji yale yalipochemka vizuri aliyachuja, akayarudisha jikoni, akatia majani ya chai na kuipua mara moja. Chai iliyomiminwa vikombeni ilikuwa ya rangi ya udongo mwekundu, ina viduara vidogo vya mafuta juu, na harufu yake ilijaza nyumba. Tuliinywa bila sukari na hakuna aliyeiuliza. Pamoja nayo tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo kila mtoto wa Usukumani anavijua, na utamu wao ulitosha kabisa.

Majani yanatoka mbali, karanga zinatoka shambani

Ndugu msomaji, mchai haupandwi Simiyu. Mmea huo hupenda nyanda za juu zenye baridi na mvua nyingi, nasi huku tuna jua, pamba na kiangazi kirefu. Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na leo majani yetu hutoka hasa Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara. Hunyaushwa kwanza, hukatwakatwa au kuviringishwa, huachwa kwenye hewa mpaka yageuke rangi kutoka kijani kuwa hudhurungi, kisha hukaushwa kwa moto. Kugeuka huko ndiko kunakoipa chai ya rangi wekundu wake na nguvu yake.

Karanga nazo asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini zimekaa nasi muda mrefu kiasi kwamba hatuwezi kufikiri mboga ya nsansa bila karanga. Katika gramu 100 za karanga mna takriban gramu 25 za protini, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta.

Je, kwa nini viwili hivi vinapatana? Chai ina tanini, kitu kinachoufanya ulimi ukakamae kana kwamba umetafuna ndizi mbichi. Huo ndio ukakasi. Protini hushikamana na tanini, na mafuta huupaka ulimi, hivyo ukakasi hupungua, kama vile maziwa yanavyoilainisha chai. Harufu ile tamu huletwa na kukaanga. Karanga mbichi ukizichemsha zitakupa harufu ya kunde.

Namna ya kuitengeneza

Kwa watu wanne, chukua nusu kikombe cha karanga, vikombe vitano vya maji na vijiko viwili vidogo vya majani ya chai.

Kaanga karanga kwa moto mdogo ukizigeuza bila kuacha, mpaka maganda yaachie na punje ziwe na rangi ya asali. Usisubiri ziwe nyeusi, maana karanga iliyoungua huleta uchungu ambao hata sukari hauondoi. Zipoe, zipepete kwenye ungo, kisha uzitwange zibaki chengachenga. Zichemshe dakika kumi kwa moto wa wastani. Chuja, na yale machicha usiyatupe, yatie kwenye mchicha au nsansa ya jioni. Rudisha maji jikoni, yakichemka tia majani, ipua na ufunike kwa dakika tatu au nne. Chuja tena na uandae.

Wengi wetu tumezoea kuacha majani yachemke mpaka chai iwe nyeusi, tukidhani ndiyo tunayafaidi. Kumbe tunachokamua wakati huo ni ukakasi zaidi, na harufu ya karanga inafunikwa. Majani ya vumbi hutoa rangi upesi zaidi kuliko yale makubwa, kwa hiyo yapunguzie dakika.

Tujifunze kuonja

Wapo watu ambao kazi yao ni kuonja chai. Huko viwandani na kwenye mnada wa Mombasa, ambako chai nyingi ya Afrika Mashariki huuzwa, waonjaji huivuta kwa kijiko kwa kishindo ili ienee kinywani pamoja na hewa, kisha huitema na kwenda kwenye kikombe kinachofuata. Sisi tuliofundishwa na mama zetu kwamba kufyonza chai kwa sauti ni utovu wa adabu tulicheka sana tulipojaribu, lakini ni kweli kwamba ladha huonekana zaidi.

Jaribuni siku moja nyumbani. Jaza vikombe vitatu: cha kwanza chai ya rangi tupu, cha pili chai hiyo hiyo ukitafuna karanga pembeni, cha tatu chai ya karanga. Usitie sukari kwanza. Nusa kabla ya kunywa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ladha huja kwa pua. Piga funda dogo, lizungushe, umeze, kisha ungoje kidogo usikie kinachobaki. Katika kikombe cha kwanza kitabaki ukakasi. Katika cha pili vitu viwili vitapokezana, na katika cha tatu vitakuwa kitu kimoja. Baada ya hapo ndipo uulize kama sukari inahitajika. Katika kikundi chetu, waliokuwa wakitia vijiko vitatu sasa wengi hutia kimoja, na dada yetu mwenye kisukari hufurahi kwamba sasa anakunywa kilekile wanachokunywa wenzake.

Chagua karanga kwa macho mawili

Starehe hii inaweza kuharibiwa na punje chache. Karanga zisizokauka vizuri huota ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hiyo hudhuru ini, na mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka inaweza kumletea saratani ya ini. Mwaka 2016 watu kadhaa walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Kukaanga na kuchemsha hakuimalizi.

Kwa hiyo anika karanga juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Usizinyunyizie maji ili ziwe rahisi kumenya, maana unyevu huo ndio unaoalika ukungu. Ziweke kwenye gunia linalopitisha hewa, lililoinuliwa kwa mbao kutoka sakafuni. Kabla ya kukaanga, zimwage kwenye ungo uchambue: zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi na zenye ukungu ziondoe zote, wala usizitupie kuku.

Mtoto mdogo asipewe karanga nzima, kwani anaweza kupaliwa zikaziba njia ya hewa. Zisagwe na kutiwa kwenye uji. Na kabla ya kumpa mgeni chai hii, mwambie mapema kwamba ina karanga, kwa sababu wapo watu wanaodhurika vibaya kwa karanga kidogo tu.

Kosa letu

Sasa tuje kwenye ile saa. Kikundi chetu kina desturi ya kuwaandalia wajawazito chakula cha mchana mara moja kwa mwezi, baada ya mafundisho. Huwa ni ugali, nsansa ya karanga, na dagaa zikipatikana. Tulipokwisha kuijua chai ya bibi, tukaileta kwa fahari na kuimimina pamoja na chakula. Akina mama waliisifu. Baadhi yao walitoa vidonge vyao vya kuongeza damu wakavimeza kwa chai hiyo hiyo, nasi wauguzi tulikuwa tumesimama palepale, birika mkononi.

Mwezi uliofuata, mama mmoja kijana mwenye mimba ya tatu alituonyesha kadi yake ya kliniki. Damu yake ilikuwa 8.9, wakati mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi.

"Vidonge sijaruka hata siku moja, dada nesi," alisema huku akilengwa na machozi.

Tukamuuliza anavimeza na nini.

"Na chai, kama mnavyotupa hapa."

Hatukuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumesoma darasani kwamba tanini ya chai huyakamata madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, hasa yale yanayotoka katika mboga za majani, maharage na nafaka, na pia yale ya vidonge. Karanga kuwemo ndani hakuondoi tabia hiyo ya chai. Tulilijua jambo hilo vizuri, ila hatukulihusisha na birika letu.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 45 walikuwa na upungufu wa damu, na kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 58. Mama mwenye damu kidogo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hana akiba. Sisi tunaofanya kazi wodini tumeona jinsi dakika zinavyokuwa chache.

Tulimwomba radhi mama yule mbele ya wenzake. Alipimwa malaria, akatibiwa minyoo, na tukamshauri avimeze vidonge kwa maji, ale chungwa au embe pamoja na chakula kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini, na chai aisogeze mbali na chakula na vidonge. Miezi miwili baadaye kadi yake ilisoma 10.8, na alijifungua salama. Hatusemi kwamba chai peke yake ndiyo iliyokuwa na hatia. Tunasema ilikuwa mojawapo ya vizuizi, na kizuizi hicho hakikuhitaji fedha kukiondoa.

Saa kumi jioni

Kanuni yenyewe ni rahisi: chai iwe angalau saa moja kabla ya chakula au saa moja baada yake, na mbili ni bora zaidi. Kwa mjamzito na mtoto anayekua, kanuni hii isivunjwe. Mtoto chini ya miaka miwili haihitaji chai kabisa. Anayepaswa kunywa chai asubuhi na abadilishe: uji wa karanga kwanza, chai baadaye, kazi ya shamba ikisimama kidogo.

Ukitazama vizuri, wazee wetu wa huku walikuwa wamekwisha kuipata saa inayofaa. Saa kumi jioni chakula cha mchana kimeshatulia tumboni na cha usiku bado hakijabandikwa. Ni saa ya mgeni. Siku hizi wajawazito wetu wanakula mchana kwa maji na tunda, tunaimba, tunafundishana kushona au kumwogesha mtoto mchanga, na jua likianza kulegea ndipo birika linatoka.

Mavuno yaliyopita yule mama kijana alifika mapema kuliko wengine wote, mtoto mgongoni, na debe la karanga kichwani kutoka shambani kwake. Alikuwa amekwisha kuzichambua. Tulizimwaga kwenye ungo tukazikagua tena pamoja, hatukupata hata punje moja ya kutupa. Kisha tukaketi chini ya mwembe kungoja saa kumi ifike.