Mbio za Mitumbwi na Saa ya Maji Kupwa

Katika mashindano ya mitumbwi ya masafa mafupi, aghalabu mshindi ni yule mwenye mikono yenye nguvu na pumzi nyingi. Mbio ndefu za mtoni si hivyo. Humo mpiga kafi hupambana na kina cha maji, na mkondo, na hata na mwezi. Naye akikosea hesabu kabla ya kuondoka, nguvu zake zote hazitamfaa.

Jambo hili laonekana wazi katika mbio zifanyikazo Uingereza wakati wa Pasaka, kutoka mji wa Devizes hadi daraja la Westminster jijini London. Masafa yake ni maili 125, yaani kilomita 201. Safari ya kwanza ilifanywa mwaka 1948 na vijana wanne maskauti, waliokusudia kufika kabla ya saa 100 kwisha. Walifika kabla ya saa 90 kutimia. Mwaka 1979 Brian Greenham na Tim Cornish, wakiwa katika mtumbwi mmoja, walitumia saa 15 na dakika 34 tu.

Njia hiyo ina sehemu tatu zisizofanana kabisa. Ya kwanza ni mfereji uliochimbwa na binadamu, uitwao Kennet na Avon, unaofika mji wa Reading baada ya maili 54 hivi. Ya pili ni mto Thames wenyewe, masafa karibu yale yale, hadi mahali paitwapo Teddington. Ya tatu ni fupi kuliko zote: kilomita 27 za mwisho, ambamo maji ya mto hupanda na kushuka kwa kufuata bahari.

Katika mfereji maji karibu yametulia, na mtu angedhani kwamba hapo ndipo pepesi. Sivyo. Mtumbwi uendapo huzusha mawimbi, na kuyazusha mawimbi ni kazi inayokula nguvu. Tena katika maji ya kina kifupi mwendo wa wimbi una kikomo. Kikomo hicho hupatikana kwa kuzidisha kina cha maji, kwa mita, mara 9.8, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kina kikiwa mita 1, kikomo ni mita 3.1 kwa sekunde, yaani kilomita 11 na kitu kwa saa. Mtumbwi mwembamba wa watu wawili waweza kwenda kwa mwendo kama huo. Ukikikaribia kikomo, maji hurundikana mbele, omo huinuka, tezi hudidimia, na wapiga kafi huwa kama watu wanaopanda kilima kisicho na kilele. Kuongeza bidii hapo ni hasara, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu huishia katika kuyanyanyua maji. Kwa hiyo wazoefu hushika katikati ya mfereji, penye kina zaidi, wakaweka akiba.

Mfereji huo nao hupita penye miinuko. Ili maji yasikimbilie bondeni, wahandisi walijenga vyumba vyenye malango mbele na nyuma, ambamo chombo hupandishwa au kushushwa kwa kujaza na kutoa maji. Wanamashindano hawana wakati wa kungoja. Huruka ukingoni, huubeba mtumbwi, hukimbia nao, kisha huutia tena majini upande wa pili. Pamoja na vizuizi vilivyomo katika Thames, kazi hiyo hufanywa mara 77, baadhi zikiwa gizani na katika baridi, kwa miguu iliyokufa ganzi.

Lakini mtihani mkubwa ni Teddington. Tuseme mtumbwi waenda kilomita 10 kwa saa katika maji matulivu, na mkondo una mwendo wa kilomita 3 kwa saa. Maji yakipwa, kilomita 27 zitamalizika kwa saa 2 na dakika 5 hivi. Yakijaa, mtumbwi ule ule utasonga kilomita 7 tu kwa saa, nazo zitahitajika saa 3 na dakika 51. Wapiga kafi waliokesha usiku kucha hawana akiba ya kulipa deni la namna hiyo. Anayewahi mno hukuta bahari bado inapanda. Anayechelewa mno hukutwa njiani na maji yanayorudi. Ndiyo maana wale wanaokwenda bila kulala huchagua wenyewe saa ya kuondoka Devizes siku ya Jumamosi, kwa kuhesabu nyuma kutoka saa ya maji kujaa Teddington. Hapo mtu hana budi kuujua mwendo wake wa kweli, wala si ule anaoutamani.

Wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki watalielewa jambo hili upesi. Bamvua huja karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji mafu yakafuata baada ya siku saba hivi. Nayo Pasaka, kwa kanuni ya Kanisa, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Basi Jumamosi ya mbio huangukia siku ile ile ya mwezi mpevu wa kanuni hiyo, au hadi siku sita baadaye. Mwaka ambapo mwezi umepevuka siku moja au mbili tu kabla, maji ya London hupanda na kushuka zaidi ya mita 6, na mkondo wa kupwa huwa na nguvu nyingi. Mwezi ukiwa umepevuka siku sita kabla, mkondo hulegea. Tena, kwa kuwa maji huchelewa wastani wa dakika 50 kila siku, siku hizo sita husogeza saa ya kujaa kwa saa 5 nzima. Saa ya kuondoka iliyofaa mwaka jana yaweza kumpoteza mtu mwaka huu.

Mvua nayo huvuruga hesabu, kwani Thames ukifurika hukimbia kuliko ilivyotazamiwa. Upepo ukivuma kuelekea juu ya mto huku maji yanapwa, mawimbi mafupi yenye ncha hutokea, kama wajuavyo mabaharia wa Unguja, na mtumbwi mwembamba hupinduka kwa urahisi. Maji baridi hunyang'anya mwili joto upesi kuliko hewa; aliyechoka akitumbukia hatarini yumo.

Vijana wa shule hugawanya safari hiyo katika siku nne na kulala njiani. Hata hivyo, asubuhi ya siku ya nne, saa yao ya kuondoka hupangwa kwa kutazama jedwali la maji.