Tura, Mlango wa Unyamwezi

Tura ni mji mdogo mashariki mwa Mkoa wa Tabora, katika Wilaya ya Uyui, kwenye Reli ya Kati baada ya Itigi kwa anayetoka Dar es Salaam. Leo wengi huupita kwa treni bila kuuliza jina lake. Katika karne ya 19 hapakuwa na mpagazi wa njia ya Bagamoyo na Ujiji asiyeujua, kwa kuwa hapo ndipo nyika ilipokwisha na Unyamwezi kuanza.

Nyika yenyewe iliitwa Mgunda Mkali. Misafara iliiingia ikishavuka Ugogo, ambako watemi walidai hongo, ikakuta miombo na vichaka, mabwawa yanayokauka kiangazi, na vijiji vya kuhesabu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na mara nyingi zaidi. Bidhaa za kutoka pwani zilikuwa majora ya merikani na kaniki, shanga na nyaya. Za kurudi zilikuwa pembe za ndovu, na pamoja nazo walitembea watumwa waliofungwa minyororo. Juu ya mzigo mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake na posho ya siku za nyikani. Posho ikiisha kabla ya Tura, watu walitoroka au walikufa njiani. Ndiyo maana mashamba ya Tura, ya kwanza kuonekana baada ya siku nyingi za msitu, yalikuwa na thamani kuliko ukubwa wake.

Mashamba hayo hayakuwa ya kale. Kufikia katikati ya karne hiyo, Wakimbu na Wanyamwezi walikuwa wakiufyeka msitu kutoka pande zote, na Mgunda Mkali ulikuwa ukipungua mwaka hadi mwaka. Wasafiri wa Kizungu Richard Burton na John Speke walipopita mwaka 1857 waliikuta Tura ikiwa na vijiji na chakula cha kuuza. Watu waliishi katika tembe: nyumba ndefu za paa bapa la miti na udongo, zilizopangwa kuzunguka ua wa mraba, ng'ombe wakilala ndani na lango likifungwa usiku. Kijiji kama hicho kilimlisha msafiri, nacho kilipata nguo na shanga zake. Msafara uliifuata Tura kwa sababu ya chakula, na watu waliifuata Tura kwa sababu ya msafara.

Njia iliyoijaza ndiyo iliyoimwaga. Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, waligombana na Mtemi Mnywa Sele juu ya ushuru, wakamwondoa madarakani na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sele akaingia msituni na wafuasi wake, akapigana na Waarabu hao kwa miaka kadhaa mpaka alipokamatwa na kuuawa. Vita hivyo viliipitia Tura. Speke aliporudi mwanzoni mwa mwaka 1861, mara hii akiwa na James Grant, aliukuta mji aliouacha na neema umekuwa magofu, watu karibu wote wameondoka. Yeye mwenyewe aliandika kuwa majeshi ya Waarabu yalijali zaidi ngawira na mateka kuliko jambo lililoyapeleka vitani. Ni miaka isiyofika minne tu kati ya safari hizo mbili.

Kwa hiyo ni makosa kudhani kwamba nyika ya mashariki mwa Tabora ilikuwa tupu tangu asili. Sehemu yake ilikuwa imelimwa, ikaachwa. Msafiri mwingine, Henry Stanley, alipopita mwaka 1871 alikuta watu Tura, lakini Rubuga, kituo cha mbele kuelekea Tabora kilichosifiwa na Burton kwa ng'ombe na maziwa, kilikuwa kimeteketea. Mwaka huohuo vita vya Mtemi Mirambo wa Urambo na Waarabu vilianza, na katika miaka ya 1870 mbabe wa vita Nyungu ya Mawe na rugaruga (askari) wake wakaishika Ukimbu pamoja na njia ya Mgunda Mkali. Nyungu alikufa mwaka 1884, na utawala wake ukarithiwa na mwanamke, Mtemi Mgalula.

Miaka ya 1890 ilileta sotoka, iliyoangamiza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, pamoja na utawala wa Wajerumani, waliomshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe mwaka 1893. Palipokosa watu wa kufyeka na mifugo ya kula majani, vichaka vilirudi, na mbung'o wakarudi navyo.

Reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tura ikapata stesheni, lakini upagazi, kazi iliyowalisha Wanyamwezi kwa vizazi, ukafa. Vijana waliokuwa wakipita Tura na pembe mabegani wakaipita kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na wengine hawakurudi. Hasara hiyo haielezwi vya kutosha: kijiji kilibaki na wazee, wanawake na watoto wa kupambana na msitu.

Baada ya uhuru mkondo uligeuka. Agizo la mwaka 1973 la kuwataka watu wote waishi vijijini ifikapo 1976 liliwakusanya wakulima waliotawanyika. Kisha wakaja Wasukuma na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakitafuta malisho na ardhi mpya, wakafyeka miombo kwa ajili ya mahindi, mpunga na tumbaku. Lugha yao iko karibu sana na Kinyamwezi, jambo lililowarahisishia kuishi na wenyeji, ingawa ugomvi wa wafugaji na wakulima haukukosekana. Mkoa wa Tabora uliokuwa na watu milioni 1.7 mwaka 2002 ulihesabiwa kuwa na milioni 2.3 mwaka 2012 na karibu milioni 3.4 mwaka 2022.

Barabara ya lami ya Itigi hadi Tabora sasa inavuka iliyokuwa Mgunda Mkali kwa saa chache, na mkataba wa kujenga kipande cha reli ya kisasa cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulitiwa saini Desemba 2021. Lakini ufyekaji una gharama: mizinga ya nyuki ya Tabora inategemea miombo iliyobaki, na miombo hiyo inapungua kila shamba jipya linapofunguliwa.