Kuunga Chombo cha Plastiki Kilichopasuka

Tazama vyombo vya nyumbani kwako. Huenda una ndoo ya plastiki, beseni, au dumu la kuchotea maji. Vyombo hivi ni vyepesi na havishiki kutu. Lakini vikianguka, au vikikaa juani muda mrefu, hupasuka. Mtu hutoka kisimani na ndoo iliyojaa, akafika nyumbani na nusu. Kununua ndoo nyingine kunahitaji fedha.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Somo hili linaeleza namna ya kuziba ufa wa plastiki ili usifunguke tena.

KWA NINI KIRAKA HUBANDUKA?

Watu wengi huwasha mfuko wa plastiki na kudondosha matone yake juu ya ufa. Ndoo huacha kuvuja siku mbili tatu. Kisha kiraka hubanduka. Kwa nini?

Kwanza, matone yalikuwa ya moto, lakini ndoo ilikuwa baridi. Plastiki iliyoyeyuka haiungani na plastiki iliyo baridi. Hukaa juu yake tu, kama nta ya mshumaa juu ya meza. Pili, huenda mfuko na ndoo si plastiki ya aina moja. Tatu, plastiki inayowaka huchanganyika na masizi.

Basi shika kanuni hii: ufa na kiraka viwe vya aina moja, na viyeyuke pamoja.

JUA AINA YA PLASTIKI

Plastiki ziko za namna mbili. Za kwanza hulainika kwa moto, na zikipoa huwa ngumu tena. Hizi huungika. Za pili, kama mshikio mweusi wa sufuria, hazilainiki. Huungua tu. Hizo haziungiki kwa moto.

Geuza chombo chako utazame chini. Vyombo vingi vina alama ya pembetatu yenye namba ndani yake. Madumu mengi yana namba 2. Ndoo na mabeseni mengi yana namba 2 au 5. Namba 2 huyeyuka kwenye joto la nyuzi 130 hivi za Sentigredi. Namba 5 huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Kwa hiyo unga namba 2 kwa namba 2, na namba 5 kwa namba 5.

Alama hizi zilianza kutumika Marekani mwaka 1988, na vyombo vingine havina. Kama chombo chako hakina, fanya jaribio. Chukua kipande kidogo cha chombo hicho na kipande cha plastiki unayotaka kuungia. Viyeyushe pamoja, kisha viache vipoe. Jaribu kuvitenganisha. Vikiachana kirahisi, ni vya aina mbalimbali. Tafuta plastiki nyingine.

MAMBO YA HATARI

1. Usitie moto chombo kilichokuwa na petroli. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.
2. Usitengeneze chombo cha dawa ya kuua wadudu ili kiwekwe maji au chakula. Sumu haiishi kwa kuosha.
3. Usichome plastiki namba 3. Mabomba mengi ya maji ni ya aina hiyo. Ikiungua hutoa hewa kali inayodhuru mapafu.
4. Fanya kazi mahali penye hewa, na watoto wakae mbali.
5. Plastiki ya moto ikikushika mwilini, usiibandue. Mwagia maji baridi safi kwa dakika 20, kisha nenda zahanati.

NAMNA YA KUUNGA

Tafuta bisibisi kuukuu mbili zenye mpini wa mti, msumari, koleo, kisu, na makaa ya moto. Tafuta pia ndoo mbovu ya aina ile ile.

1. Osha chombo, ukikaushe kabisa.
2. Shika msumari wa moto kwa koleo. Toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa. Matundu haya huuzuia ufa usiendelee.
3. Kwangua pande zote za ufa, upana wa kidole, mpaka uone plastiki mpya. Ikiwa plastiki imepauka na inameguka ukiibonyeza, imekwisha kuliwa na jua. Usijisumbue.
4. Kata vijiti vyembamba kutoka ile ndoo mbovu.
5. Pasha moto bisibisi. Ijaribu kwenye kipande kibovu. Plastiki ikitoa moshi, moto umezidi. Isipoyeyuka, moto haujatosha.
6. Weka kijiti juu ya ufa. Kandamiza kwa bisibisi mpaka kijiti na kingo za ufa viyeyuke pamoja. Songa polepole. Bisibisi moja ikipoa, chukua ya pili.
7. Acha kiraka kipoe chenyewe. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa ndani.
8. Jaza maji, weka ndoo mahali pakavu kwa saa moja. Tazama kama chini pamelowa.

KIFAA CHA MAFUNDI

Kipo kifaa cha umeme kilichotengenezwa kwa kazi hii. Hushikwa kwa mkono kama keekee ya umeme. Fundi huingiza ufito wa plastiki, nao huyeyuka ndani ya kifaa. Ncha yake ni ya moto. Fundi huipitisha ndani ya ufa, ikayeyusha kingo zote mbili. Papo hapo plastiki laini hushindiliwa katikati. Utaona kwamba kanuni ni ile ile.

Tanki kubwa likipasuka, usilitengeneze kwa bisibisi. Maji ya lita 1,000 yana uzito wa kilo 1,000. Mtafute fundi mwenye kifaa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini matone ya mfuko unaowaka hayaungani na ndoo?
2. Utajuaje kwamba plastiki mbili ni za aina moja?
3. Katika kijiji chenu, vyombo vya dawa ya wadudu hupelekwa wapi vikiisha? Je, kuna vinavyochotewa maji? Mfanye nini?