Umeambiwa ni konzo: usikate tamaa



Mtoto analala mzima. Asubuhi anaamka miguu imekaza, hawezi kutembea sawasawa. Muuguzi anampima magoti, kisha anataja jina ambalo wazazi hawajawahi kulisikia: konzo. Mara minong'ono inaanza: amerogwa, ni laana, inaambukiza. Leo tunasema na familia kama hiyo.

Konzo ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu inayoongoza miguu. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 magharibi mwa Kongo, na jina ni la Kiyaka. Umeonekana pia Burhinyi, Kivu Kusini, na Tarime nchini Tanzania mwaka 1985. Si uchawi, wala hauambukizi. Unatokana na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, ikiliwa wiki nyingi bila maharagi, samaki wala nyama. Sumu yake hutoka mihogo ikilowekwa siku tatu au nne na kuanikwa vizuri. Lakini vita na njaa vikituandama, mama huloweka siku moja tu, kwa sababu watoto wanalia. Asilaumiwe.

Tuseme kweli: dawa ya kuponya konzo haijapatikana. Lakini hauzidi siku kwa siku. Ukishapiga, husimama hapo. Mtoto anaweza kuendelea kusoma pamoja na wenzake. Hatari ni kupigwa mara ya pili. Kwa hiyo, fanyeni haya.

Kwanza, nendeni kituo cha afya mapema. Polio na kifua kikuu cha uti wa mgongo navyo hulemaza miguu, na kila kimoja kina njia yake.

Pili, badilisheni chakula leo. Ongezeni maharagi. Unga wa mihogo utieni katika beseni, usawazisheni, mweke alama ulipofikia. Mimineni maji mkikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acheni. Utandazeni mwembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini, ili sumu itoke hewani. Songeni bugali siku hiyo hiyo. Akina mama wa Kwango walijifunza njia hii, na vijiji vilivyoifuata havikupata wagonjwa wapya.

Tatu, mfanyisheni mgonjwa mazoezi ya kunyoosha miguu, mkamtafutie fimbo au mikongojo. Mjini Goma, kituo cha Shirika la Umoja huhudumia wenye ulemavu.

Nne, msimfiche. Mkumbuke Mefiboshethi katika kitabu cha pili cha Samweli. Alikuwa na miaka mitano habari za vita zilipofika. Yaya akamchukua akimbie naye, akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Sisi wa Masisi tunaijua mbio hiyo. Miguu yake haikupona, lakini Daudi alimtafuta, akamrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake siku zote.

Kanisa nalo lifanye hivyo: liende nyumbani kwa mgonjwa na kilo ya maharagi, limtengee kiti Jumapili, limpeleke mtoto shuleni.

Bwana awatie nguvu.