Kula Sita Kabla ya Kumi

Likizo iliyopita nilifungwa bao kule Bujonde, kwetu Kyela, kwenye mchezo ambao nilikuwa nimeshaushinda. Sikuzidiwa kete. Nilikuwa na 45, mzee ana 19, na zamu ilikuwa yangu. Ushindi ulikuwa umekaa mbele yangu kama sahani ya wali, nikaurudisha jikoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Mvua ilikuwa inanyesha, na Kyela mvua si habari. Wanaume kama sita walikuwa wamejibana kwenye kibaraza cha duka, wakiwa wamesitisha safari zao zote. Mzee niliyekuwa nacheza naye hakuvuka darasa la saba, nami niko mwaka wa pili na nimefaulu takwimu bila sapu. Nilipokosea, kibaraza kizima kiliguna. Mzee akaniangalia kwa huruma, akauliza, "Mjukuu wangu, huko chuoni wanawafundisha kuhesabu, au wanawafundisha kutamani?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na lile swali muhula mzima, na sasa nadhani ninaweza kueleza nilichokosea.

Kwa waliokulia kwenye simu, nieleze kidogo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mchezo una hatua mbili. Ya kwanza ni namua, ambapo mnaingiza kete moja moja kutoka akiba. Ya pili ni mtaji, ambapo kete zote ziko ubaoni na unaanza na shimo lolote lenye kete mbili au zaidi. Unasambaza moja moja. Ya mwisho ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la adui linalotazamana nalo lina kete pia, umekula. Kete ulizokula unazisambaza upya kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho pembeni, ukifuata mwelekeo uleule. (Ukila kwenye kichwa au kimbi mambo hubadilika, lakini leo hatufiki huko.) Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Anayeishiwa kete safu ya mbele ameshindwa, hata kama nyuma ana ghala. Ukikosa cha kula unatakata, yaani unasogeza kete zako bila kula, na sheria inakulazimisha kuanzia safu ya mbele kama kuna shimo linalofaa. Ng'ambo ya mto Songwe, kwa jirani zetu wa Malawi, mchezo huu unaitwa bawo, na sheria zake ni karibu sawa na zetu.

Sasa chukua karatasi. Hesabu mashimo yangu ya mbele kutoka kushoto kwangu, la kwanza hadi la nane. La kwanza lina kete mbili, la tatu nne, la nne mbili, la sita mbili. Mengine ya mbele ni matupu. Nyuma nina kete 35, lakini hakuna shimo la nyuma lenye mtaji. Kumbuka tu kwamba shimo la nyuma chini ya la saba ni tupu. Nyumba zote mbili zilishabomolewa zamani.

Mzee amebaki na mashimo mawili tu mbele. Linalotazamana na la tatu langu lina kete sita. Linalotazamana na la sita langu lina kumi. Nyuma ana shimo moja, kwenye kona upande wa kushoto wangu, lina kete tatu. Basi.

Nina mitaji miwili. Nikianza na shimo la nne kwenda kulia, kete zangu mbili zinaishia la sita, nakula kumi. Nikianza na la kwanza kwenda kulia, zinaishia la tatu, nakula sita.

We ungekula zipi?

Mimi nilikula kumi. Kumi ni nyingi kuliko sita, hiyo hata chekechea wanajua. Nikazisambaza kuanzia kichwa changu cha kushoto: nane zikajaza safu ya mbele, ya tisa ikapinda kona kuingia nyuma, ya kumi ikaangukia lile shimo tupu. Nimelala. Mzee hakufikiri hata sekunde tano. Akazoa zile tatu zake za kona, moja, mbili, ya tatu ikaangukia shimo lake lenye sita. Mbele yake ni la tatu langu, ambalo sasa lina tano. Akala tano, akazisambaza, na safu yake ya mbele iliyokuwa imebaki na shimo moja ikawa na matano. Baada ya dakika ishirini nilikuwa nampa mkono.

Sasa tazama njia nyingine. Ningekula sita kwanza, ningezisambaza kuanzia shimo la kwanza, na ya sita ingeangukia la sita. Shimo hilo lina kete, na mbele yake kuna kumi. Ningezila na hizo kumi katika zamu ileile, na mzee angebaki bila kete hata moja mbele. Kumi zilikuwa zangu kwa vyovyote. Nilichotakiwa kuchagua ni utaratibu tu.

Lakini kuna jambo ambalo sikuliona hata baada ya kushindwa, mzee ndiye aliyenionyesha. Alirudisha kete kama zilivyokuwa, akatoa moja kwenye zile sita zake. "Sasa ni tano. Utakula ipi?" Nikahesabu: tano zinaishia shimo la tano, ambalo ni tupu, nalala, kumi zinabaki. Nikasema basi bora kumi. Akatikisa kichwa. "Angalia mimi nakula wapi."

Ndipo nikaona. Mtaji wake pekee ulikuwa unapita kwenye shimo lile. Tatu za kona zinaangukia pale, na bila kete pale hazina kazi. Nikila tano, sijashinda bado, lakini yeye hana cha kula. Inabidi atakate, na atakate kwa zile kumi, maana mbele hana kingine. Nikila kumi, namwachia silaha yake ikiwa nzima. Kwa hiyo hesabu haianzii kwenye ninachopata. Inaanzia kwenye zamu yake: baada ya mimi kucheza, atafanya nini?

Rafiki yangu wa hosteli, ambaye hacheza bao, ana programu ya mchezo wa Go kwenye simu, ule wa Wachina, Wajapani na Wakorea wa mistari 19 kwa 19. Nilipomsimulia aliruka. Alisema huko kuna hali ambapo kundi lako la mawe na kundi la adui yamezingirana, hakuna linaloweza kukimbia, na mmoja lazima afe. Kila kundi lina pumzi, yaani nafasi tupu zinazoligusa. Unaziba pumzi zake moja kila zamu, naye anaziba zako. Wote mkiwa na nne na zamu ni yako, unashinda, ukihesabu vizuri. Shida ni pumzi za pamoja, zinazogusa makundi yote mawili: ukiziba moja, umejiziba na wewe. Kwa hiyo unaanza na za nje, za katikati unaziacha mwisho. Na zikiwa mbili za katikati na za nje zimekwisha, hakuna anayethubutu, maana anayeziba kwanza hufa. Makundi yote yanabaki hai yakitazamana hivyohivyo.

Kuna mkusanyiko wa mafumbo ya mchezo huo uliotungwa Japani mwaka 1713 na Inoue Dosetsu Inseki. Fumbo lake la 120 wengi wanaliita gumu kuliko yote, na kiini chake ni mbio kama hizo za kuzibana pumzi, ila zimetanda karibu ubao mzima. Hadi karne hii watu bado wanalichambua. Tulijaribu kulitazama usiku mmoja, umeme ukakatika, na kwa kweli hatukuwa tumefika popote. Lakini kosa la kwanza nililofanya lilikuwa lilelile la Bujonde: niliona kundi kubwa la kula, nikalikimbilia.

Watu husema bao ni la wazee wasio na kazi. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatetea tasnifu ya udaktari kuhusu mipaka ya akili ya binadamu kwa kuchunguza mchezo huo. Yaani alichofanya yule mzee kwa sekunde tano, akiwa na mguu mmoja nje ya kandambili, kina tasnifu nzima Ulaya. Sisi hapa chuoni tuna meza ya pool na bao letu limewekwa kwenye kabati la utamaduni, halina hata kete.

Mwezi Desemba narudi nyumbani. Nimetengeneza ubao wa katoni chumbani na mbegu za mkomwe, na kila nikicheza na rafiki yangu kuna sheria: kabla ya kugusa kete, sema kwa sauti adui atakula wapi. Anaiona inachosha. Mara tatu sasa amenifunga.