Programu Huria: Nani Huidhinisha na Nani Hujibu?



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu pamoja na wazazi na walezi, baada ya kumshukuru Allah (S.W.), mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo linalotugusa sote. Tunatumia simu na kompyuta kila siku, lakini ni mara chache kuuliza programu zilizomo ndani yake zimetoka wapi na nani amehakikisha kuwa ni salama. Sisi watu wa pamba tunajua kuwa pamba huchambuliwa kabla ya kupanda mzani, safi ikakaa kando na fifi. Je, programu nazo zina wa kuzichambua? Tutaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa kwa zile ziitwazo programu huria.

PROGRAMU HURIA NI NINI?

Programu ni maagizo yanayoieleza kompyuta la kufanya. Maagizo hayo huandikwa na watu, na maandishi yake huitwa msimbo. Kampuni nyingi huficha msimbo wao. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi. Mtu yeyote ana ruhusa ya kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuwapa wengine.

Hapa Tanzania tunao mfano mzuri. Mwezi wa Disemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kununua ruhusa, kwa kuwa msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi. Kazi kubwa ilikuwa kukubaliana istilahi, ili neno moja lisitafsiriwe kwa namna tatu.

Mfano mwingine ni DHIS2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Wizara ya Afya ya Tanzania huitumia kukusanya taarifa za zahanati, vituo vya afya na hospitali. Kwa hiyo hata hesabu za wagonjwa wa vijijini hupita katika programu ya aina hii. Ikikosea, hesabu nazo huharibika.

NANI HUIDHINISHA TOLEO JIPYA?

Kila jumuiya ina taratibu zake. Tuchukue ile ya Apache, taasisi ya Marekani ambayo OpenOffice iko chini yake tangu mwaka 2011. Hatua zake ni hizi:

1. Mtu mmoja hukabidhiwa usimamizi wa toleo. Huandaa toleo la majaribio na kulitia sahihi ya kompyuta, ili ijulikane kama limeguswa na mtu mwingine njiani.

2. Wajumbe wa kamati hulipakua, huhakiki ile sahihi, huiunda programu kutoka kwenye msimbo katika kompyuta zao wenyewe, kisha huijaribu. Haitoshi kusema tu kuwa fulani ni mwaminifu.

3. Hupigwa kura, na kwa kawaida muda wake haupungui saa 72. Wajumbe wako nchi mbalimbali, na wengi hujitolea baada ya kazi zao. Wa Asia akiamka, wa Marekani analala.

4. Toleo hupita likipata kura za ndiyo zisizopungua 3 za wajumbe wa kamati, na ndiyo zikazidi hapana. Mtu mmoja hawezi kulizuia kwa kura yake pekee, lakini akionyesha kasoro kubwa, msimamizi huweza kuliondoa akalirekebisha.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi nchini Finland, ina utaratibu tofauti. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Katika wiki 2 za mwanzo mambo mapya hupokelewa. Baada ya hapo mlango hufungwa, na kinachopokelewa ni marekebisho tu, huku toleo la majaribio likitolewa karibu kila wiki hadi wasimamizi waridhike.

KWA NINI UKAGUZI NI MUHIMU?

Huenda mtu akasema kuwa kama msimbo uko wazi, basi usalama upo. Si hivyo. Iko programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, ambayo ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akasaidia kazi kwa zaidi ya miaka 2 mpaka akaaminiwa kutoa matoleo. Mwaka 2024 akatoa toleo la 5.6.0 na la 5.6.1 yakiwa na mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Kifurushi alichokitoa hakikuwa sawa na msimbo uliowekwa wazi.

Mhandisi Andres Freund aliona kompyuta yake inachelewa kwa kama nusu sekunde tu wakati wa kuingia kwa mbali. Hakupuuza. Alichunguza, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangazia dunia. Kwa kuwa mifumo mikubwa ya Linux ilikuwa bado inayapitisha matoleo hayo kwenye majaribio, kompyuta nyingi sana zilisalimika. Funzo lake ni kwamba uwazi husaidia pale tu wanapokuwepo watu wanaokagua kweli.

NAMNA YA KUULIZA

Wanaojibu maswali ya programu huria wengi hawalipwi. Huulizwa hadharani na hujibu hadharani, ili jibu moja liwafae watu mia. Mwenye kuuliza ana adabu zake:

1. Atafute kwanza kama swali limekwisha jibiwa.

2. Ataje jina la programu, toleo lake na aina ya kompyuta.

3. Aeleze alichofanya, alichotarajia na kilichotokea, na anakili ujumbe wa kosa neno kwa neno.

4. Asiweke hadharani neno lake la siri.

5. Akifanikiwa, arudi kueleza kilichosaidia.

Anayeandika "kompyuta yangu mbovu, nisaidieni haraka" hasaidiki. Lakini anayeandika "natumia LibreOffice kwenye Windows 11, nikifungua faili hili herufi za Kiarabu zinatengana" amekwisha mpunguzia mjibuji nusu ya kazi. Jambo moja tu haliulizwi hadharani, nalo ni kasoro ya usalama. Hiyo huelezwa wasimamizi kwa siri kwanza, ili wezi wasiwahi kabla ya dawa kupatikana.

Wanafunzi wetu, milango hii iko wazi kwenu pia. Si lazima mwanzo ujue kuandika msimbo. Anayejua Kiswahili vizuri anaweza kutafsiri, na aliye makini anaweza kujaribu toleo na kueleza kasoro aliyoiona. Wazazi nao wawaulize watoto kila wanapoweka programu mpya kwenye simu: imetoka wapi, na nani ameikagua?

Tunamuomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa.